Mfamasia, Andika Ulichozuia

Kila mwisho wa mwezi famasi ya hospitali hupeleka ripoti kwa uongozi. Ndani yake kuna makusanyo ya dirishani, madai ya bima, dawa zilizoisha stoo, dawa zilizopitwa na muda na thamani yake kwa shilingi. Mganga mfawidhi anaisoma, mhasibu anaisoma, na kikao kikianza swali la kwanza karibu siku zote linahusu fedha. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtoto fulani wa wodi ya watoto alikuwa apewe parasetamoli ya mshipani mara kumi ya dozi yake, kwa kuwa aliyeandika aliwaza miligramu na aliyevuta sindano akawaza mililita, na kwamba hakupewa kwa sababu mfamasia alikuwepo pale akaisoma chati kabla ya dozi. Mtoto anapona na kurudi nyumbani, mama yake hajui lolote, na famasi mwezi huo inaulizwa kwa nini mauzo yameshuka.

Daktari wa upasuaji anaacha mshono ambao kila mtu anauona. Mkunga anaacha mtoto analia. Sisi matokeo yetu mazuri kabisa ni jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halina ushahidi isipokuwa mtu ameliandika. Nimefanya kazi kwenye hospitali za rufaa za mikoa muda wa kutosha kuliamini hili bila wasiwasi: mfamasia wa hospitali anakua kitaaluma kwa kuandika kila siku alichokiona kwenye faili, alichoshauri, alichojibiwa na kilichompata mgonjwa, kisha kukaa na wenzake wakayasoma maandishi hayo. Semina zina nafasi yake, shahada ya pili ina nafasi yake, lakini hivi ni juu ya msingi huo.

Naandika nikiwafikiria hasa wafamasia watarajali wanaoripoti hospitalini kwa mara ya kwanza. Wamesoma miaka 4 ya shahada, wanajua kemia ya dawa kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile, na wiki ya kwanza wanapangwa dirishani kuhesabu vidonge na kuandika lebo. Dirisha ni kazi ya heshima. Pale ndipo mgonjwa anapoambiwa neno la mwisho kabla hajaondoka, na mteknolojia mzuri wa famasi akimweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa mseto ya malaria anaokoa maisha. Ila mfamasia akimaliza mwaka mzima wa utarajali bila kuzoea kusimama kando ya kitanda, anatoka na tabia ambayo ni ngumu sana kuiondoa baadaye: ya kusubiri dawa iletwe kwake ikiwa imeshaamuliwa.

Jambo hili wenzetu walianza kuhangaika nalo zamani. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, wafamasia walifungua famasi ndogo kwenye ghorofa ya tisa, katikati ya wodi za upasuaji, ili wawe karibu na wagonjwa na madaktari saa zote. Wengi huhesabu hapo ndipo famasia ya kitabibu ilipoanza. Mwaka 1990 Charles Hepler na Linda Strand waliandika kwamba mfamasia anapaswa kubeba wajibu wa matokeo ya dawa kwa mgonjwa, kwamba kumkabidhi dawa hakutoshi. Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia lilikutana Basel mwaka 2008 likatoa tamko la mustakabali wa famasi za hospitali, likalipitia upya Bangkok mwaka 2014. Kwa jirani zetu, pale hospitali ya Moi mjini Eldoret, wafamasia na wanafunzi wao wamekuwa wakifuatana na raundi za wodini tangu miaka ya 2000 kwa ushirikiano na chuo cha Purdue cha Marekani. Kwetu mafunzo ya famasi ngazi ya shahada yalianza Dar es Salaam mwaka 1974, na leo vyuo ni vingi. Kwa hiyo elimu ipo. Kinachotupungukia wengi wetu ni mazoea ya kila siku.

Basi nizungumzie daftari.

Ni daftari la kawaida la jalada gumu, la kurasa nyingi, linalokaa kwenye mfuko wa koti jeupe au kwenye trei ya wodi. Nimelipigia mistari: tarehe na wodi, jinsia, umri na uzito wa mgonjwa bila jina, tatizo nililoliona, ushauri nilioutoa na niliyempa, jibu, kilichotokea baadaye. Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo yenye thamani. Kuandika "nimeshauri dozi ipunguzwe" bila kurudi siku ya tatu kuangalia mgonjwa anaendeleaje ni sawa na kupanda bila kwenda shambani tena.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachotaka kusema.

Mzee wa miaka 78 alilazwa kwa kutapika na kulegea. Ana kisukari na shinikizo la damu. Kwenye chati ya dawa kulikuwa na metfomini ya sukari gramu 1 asubuhi na jioni, losartani ya shinikizo, na kidonge cha kukojosha maji, vyote vimehamishwa kutoka kwenye kadi yake ya kliniki kama vilivyo. Majibu ya maabara yalikuwa yamebandikwa nyuma: kreatinini, takataka ya misuli ambayo figo huichuja, 130 mikromoli kwa lita. Mtarajali niliyekuwa naye akaisoma akasema imezidi kidogo tu. Ndivyo inavyoonekana ukiiangalia namba peke yake.

Nikamwomba atafute uzito. Haukuwa umeandikwa. Tukamwomba sista mizani, tukamshika mzee huku na huku, kilo 48. Kisha tukafanya hesabu pale pale pembezoni mwa daftari, kwa fomula ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976: 140 kutoa umri, unabaki na 62, zidisha kwa kilo 48, zidisha kwa 1.23 kwa kuwa ni mwanaume, gawanya kwa 130. Jibu likaja mililita 28 kwa dakika. Figo zile "zilizozidi kidogo" zilikuwa zinafanya kazi chini ya kiwango ambacho metfomini inapaswa kusimamishwa, yaani 30. Na hesabu hii inadhania kreatinini imetulia. Kwa mgonjwa anayetapika, ambaye kesho itapanda tena, hali halisi ni mbaya kuliko namba inavyosema. Mtu mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake huwa ndogo hata figo zikiwa zimechoka. Mtarajali alilijua hilo darasani. Siku ile alilijua kwa mzee aliyemshika mkono kwenye mizani.

Bado kulikuwa na swali moja. Nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukiacha hizi dawa za kliniki, nyumbani unatumia dawa gani nyingine?"

"Hakuna."

"Na magoti yakikusumbua usiku?"

"Aa, zile za magoti siyo dawa. Za kupoza tu."

Binti yake akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake diklofenaki zilizobaki. Alikuwa akinunua kwenye duka la dawa la mtaani kwao, wiki baada ya wiki. Simlaumu muuzaji. Maduka ya dawa muhimu, tangu yalipoanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, yamefikisha dawa mahali ambapo pasingefikika, na muuza duka hana majibu ya kreatinini ya mteja wake. Lakini diklofenaki, losartani na kidonge cha kukojosha vikikutana ndani ya mtu aliyepungukiwa maji, figo zinabanwa pande tatu kwa pamoja. Hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye faili kwa sababu hakuna aliyeuliza kuhusu magoti.

Ushauri ukaenda kwa daktari wa wodi: metfomini isimame, sukari isimamiwe kwa insulini kwa sasa, diklofenaki iachwe kabisa, magoti yapewe parasetamoli, losartani na cha kukojosha visimame mpaka maji yarudi mwilini, kreatinini irudiwe baada ya saa 48. Alikubali yote isipokuwa losartani, akataka kwanza tupime shinikizo mara mbili siku ile, na lilipoonekana liko chini akaisimamisha mwenyewe. Kwenye daftari tukaandika hivi: "Me, 78, kg 48. Kreat 130, makadirio 28. Metf + losartani + kukojosha, na diklo ya duka. Dr amekubali; losartani baada ya BP. Kreat ya pili 101. Kuruhusiwa: binti ameelezwa diklo basi, ameonyeshwa kidonge." Mistari minne. Ripoti ya mwezi ile ingeonyesha tu kwamba wodi ile ilitumia metfomini pungufu.

Angalia kazi ilivyokuwa. Hatukuhitaji kifaa wala bajeti. Tulihitaji mizani, kalamu, na swali la magoti. Ningependa kila mtarajali atoke kwangu akiwa na maswali ya namna hiyo, yale ya kuuliza kwa mlango wa nyuma: usingizi ukigoma unatumia nini, tumbo likiuma, ukipata mafua, mkunga wa mtaani alikupa nini. Watu wetu wengi hawahesabu kuwa dawa kitu kisichotoka hospitali, na hawaongopi wanaposema hakuna.

Jambo la pili ambalo daftari hufundisha linakuja baada ya miezi, kurasa zikishakuwa nyingi. Tukio moja ni habari ya mgonjwa mmoja. Tukio lile lile likijirudia kwenye wodi tofauti, mikono tofauti, zamu tofauti, basi tatizo halimo ndani ya mtu. Liko kwenye namna tulivyopanga kazi.

Chukua artesuneti ya sindano. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 uliofanyika kwenye nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini hadi asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti. Ni ushindi mkubwa, na leo hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini kichupa kile cha miligramu 60 kinataka umakini. Unga unayeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo, unatikisa mpaka maji yawe safi, kisha unaongeza salaini: mililita 5 kama unachoma mshipani, upate miligramu 10 kwa kila mililita, mililita 2 kama unachoma kwenye msuli, upate miligramu 20. Kichupa kimoja, nguvu mbili. Halafu kuna dozi: mtu wa kilo 20 na zaidi anapewa miligramu 2.4 kwa kilo, na mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo, yaani mdogo anapata nyingi zaidi kwa kila kilo yake. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30, mililita 3 za mshipani. Ukimpa kwa hesabu ya mtu mzima atapata 24. Ukiwa umechanganya kwa ajili ya msuli ukavuta mililita 3, anapata 60.

Daftari letu lilikuwa na makosa ya aina hii yakijirudia, karibu yote usiku, karibu yote dozi ya pili, ile ya saa 12 baada ya ya kwanza. Ukiwaza kidogo unaona sababu. Dozi ya kwanza inaandaliwa na mtu aliyempokea mtoto na kumpima. Dozi ya pili inaangukia zamu nyingine, ambayo inakuta mililita zimeandikwa bila kusema zimechanganywa vipi. Tulipolipeleka hili Kamati ya Dawa na Tiba hatukusema wauguzi wa usiku wafundishwe tena. Tuliomba jambo dogo: kwenye chati iandikwe miligramu na njia ya kuchoma, na kwenye toroli ya kila wodi libandikwe jedwali la kilo kwa mililita, la mshipani rangi moja na la msuli rangi nyingine. Kamati ilikubali siku ile ile kwa sababu tulikuwa na kurasa za kuonyesha. Ningesimama mikono mitupu nikasema "naona kuna makosa mengi usiku," muuguzi mkuu angekuwa na kila haki ya kuniuliza nimeyaona wapi nikiwa nimelala kwangu.

Mfano mwingine ni wa fenitoini, dawa ya kifafa, na huu sikuuona mimi. Sista mmoja wa wodi ya wanaume aliniita akanionyesha mpira wa dripu: ndani yake kuna ukungu mweupe kama unga umemwagika. Fenitoini ya sindano ilikuwa imewekwa kwenye maji ya sukari. Humo inaganda na kuwa chembechembe, na dawa haimfikii mgonjwa inavyotakiwa, inataka salaini. Kila mfamasia anajua hilo, kila kitabu kinasema. Ila sista anachanganya kwa chupa iliyopo mbele yake. Tangu hapo fenitoini inatoka famasi ikiwa mfuko mmoja na chupa yake ya salaini, na lebo nyekundu juu. Safu ya "niliyempa ushauri" siku ile nimeandika jina la kazi yake yeye kwamba ndiye aliyetushauri, maana daftari hili si la kuwahesabu wengine makosa. Wauguzi wakishaona hivyo wanakuita wenyewe. Wakiona unaandika ili ukasemee, watakuficha mpaka ukungu.

Hapa niseme kidogo kuhusu adabu, kwa sababu vijana wengi wazuri wameharibikiwa hapa. Kuna mtarajali anaingia wodini na simu yenye vitabu vyote, anaona kosa, anasema mbele ya mgonjwa na wanafunzi wa udaktari: "Hii dozi siyo." Hata kama ana haki, amefunga mlango. Mwombe daktari pembeni. "Dokta, naomba tuangalie figo za mzee wa kitanda cha dirishani kabla ya dozi ya jioni." Leta tatizo pamoja na njia: dozi mpya, mara ngapi, na kama dawa mbadala ipo stoo. Usishauri dawa ambayo hujathibitisha kwamba ipo; daktari akikubali halafu ndugu wakatumwa kuitafuta mjini kutwa nzima, ushauri wako wa kesho hatausikia. Na kama hali ni ya hatari, dozi iko mkononi mwa mtu, sahau adabu zote, sema "subiri" kwa sauti.

Ushauri uliokataliwa uandikwe kwa urefu kuliko uliokubaliwa. Mtarajali mmoja alipendekeza mgonjwa aliyekuwa kwenye seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, ahamishiwe vidonge siku ya tatu, homa imeshuka, anakula. Wazo zuri, na ndilo tunalolihitaji: seftriaksoni iko kwenye kundi ambalo tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani linataka lichungwe, na mwaka 2024 nchi kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zilikubaliana ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani zitoke kundi la kwanza, zile za kawaida. Daktari akakataa. Akaeleza kwamba bado hajaondoa wasiwasi wa homa ya uti wa mgongo, na vidonge vile visingefika kwenye ubongo kwa kiasi cha kutosha. Sentensi mbili. Zikaandikwa, na Ijumaa tulipokaa kusoma daftari zikatupa mjadala wa nusu saa kuhusu dawa zipi zinavuka kwenda kwenye ubongo na kwa kiasi gani. Hakuna semina ya hotelini iliyowahi kunifundisha hilo kwa namna inayokaa kichwani hivyo.

Kikao hicho cha Ijumaa ni kifupi na hakina chai. Kila mtu anachagua tukio moja, anasoma alivyoandika, wengine wanauliza. Mteknolojia yumo, mtunza stoo yumo. Mtunza stoo ni lazima awemo. Safu zetu zinaonyesha mara ngapi dawa ilibadilishwa kwa sababu tu haikuwepo, na hiyo ni taarifa ambayo leja haina. Leja inasema dawa iliisha tarehe fulani. Daftari linasema iliisha na wagonjwa gani walipewa nini badala yake. Tukiandaa maoteo ya mwaka kwa ajili ya Bohari ya Dawa, au tukienda kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeteuliwa, kwa vile Bohari imekosa, tunajua kipi hakivumiliki kukosekana hata siku moja. Aliyezoea kusoma daftari haagizi kwa kuangalia tu mwaka jana tulitumia ngapi. Mwaka jana huenda tulitumia chache kwa sababu hazikuwepo.

Kuna wenzangu huniambia: hayo ni ya hospitali zenye wafamasia wengi, sisi tuko wawili na foleni ya dirishani inafika getini. Naijua foleni hiyo. Sitamwambia mtu aiache. Lakini hata wawili wanaweza kuchagua wodi moja, saa moja ya asubuhi, na aina moja ya dawa ya kufuatilia: mwezi huu wajawazito wanaotumia ARV pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa mfano. Dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo, ikimezwa tumbo tupu pamoja na madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu, dawa inanaswa na madini hayo na kiasi kinachoingia mwilini kinapungua. Ama vimezwe pamoja na chakula, ama dolutegraviri itangulie saa 2 au ifuate baada ya saa 6. Kumuuliza mama anavimeza vipi ni dakika moja. Ukiwauliza wote wa wodi moja mwezi mzima, una kitu cha kupeleka kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na VVU, na kliniki ya wajawazito, ambako mara nyingi ndiko vinakoandikwa kwa mikono miwili isiyoonana.

Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa nzuri ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, kuchomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo badala ya bupivakaini ya ganzi, kwa kuwa ampuli zinafanana na zinakaa droo moja chumba cha upasuaji. Matokeo yake ni mabaya mno, mara nyingi kifo. Kwenda tu chumba cha upasuaji, kuzitenganisha ampuli mbili hizo, na kuweka lebo, ni kazi ya mchana mmoja. Iandike. Andika tarehe, andika zilikokuwa, andika ulikozihamishia, na rudi mwezi ujao uone kama bado ziko huko.

Baraza la Famasi linatutaka tujiendeleze ili leseni iendelee, na ni haki yake. Taaluma isiyojiendeleza haistahili kukabidhiwa miili ya watu. Mimi natamani siku moja kurasa kama hizi zihesabiwe kwenye pointi sawasawa na cheti cha semina. Natamani pia ile ripoti ya mwisho wa mwezi iwe na ukurasa wa pili: ushauri uliotolewa, uliokubaliwa, mabadiliko yaliyofanyika wodini. Nimeanza kuuambatisha bila kuombwa. Miezi ya mwanzo haukuulizwa. Kikao kilichopita mganga mfawidhi aliufungua akauliza kuhusu jedwali la artesuneti, kama vituo vya afya vinavyotupa rufaa vinalo. Havina. Tunaandaa nakala.

Mtarajali aliyepo sasa ameongeza safu ambayo sikuwa nayo. Ameiandika kwa penseli, pembeni kabisa: "Mgonjwa ameambiwa?" Aliporudi nyuma kuijaza kwa matukio ya mwezi uliopita, karibu kote aliacha wazi. Tulimwambia daktari, tulimwambia sista, tulibadilisha chati, na mgonjwa mwenyewe, ambaye keshokutwa atarudi nyumbani na mfuko wa dawa, mara nyingi hakuambiwa kwa nini kidonge chake cha asubuhi kimebadilika. Binti wa yule mzee aliambiwa. Wengi wengine hapana. Kuanzia wiki hii safu hiyo imepigwa mstari kwa wino, na raundi ya kuwaruhusu wagonjwa haitaisha mpaka imejazwa.